Krenki inayocheza mbele na nyuma: thrasti washa na namna ya kuzibadilisha

Ndugu aliyeuliza ameeleza kwamba Corolla yake ya gia za mkono, yenye injini ya 4A-FE, husogeza puli ya krenki (gurudumu la mkanda lililo mbele ya krenki, ile shafti kuu inayozungushwa na pistoni) kwa nje kila klachi inapokanyagwa, na kwamba fundi wake amemshauri anunue injini nyingine. Kwa miaka niliyofungua injini za namna hii, ningemwomba asitoe fedha yoyote kabla krenki haijapimwa.

Mein beringi, yaani beringi kuu zilizo kwenye bloku (mwili wa injini), huibeba krenki ikizunguka, lakini haziwezi kuizuia isiteleze kuelekea puli au kuelekea giaboksi. Kazi hiyo ni ya thrasti washa, yaani vile vipande vya nusu duara vinavyokaa ubavuni mwa mein beringi ya tatu. Udhaifu wake uko kwenye umbo. Shingo ya krenki, kwa kuwa ni ya mviringo, hujivutia oili inapozunguka na kuelea juu yake, ilhali thrasti washa ni bapa na hutegemea oili inayochuruzika kutoka mein beringi na kupita kwenye mifereji yake midogo. Kwa hiyo hustahimili msukumo wa muda mfupi, si wa kudumu.

Msukumo wenyewe hutoka kwenye klachi. Rilisi beringi (inayosukumwa na pedali) inapobana presha pleti (sahani inayokaza klachi), nguvu hiyo hupitia flaiwili, gurudumu zito lililofungwa nyuma ya krenki, na kuisukuma krenki nzima mbele. Dereva anayesubiri kwenye foleni akiwa amekanyaga klachi badala ya kutoa gia, au anayeendesha mguu ukiwa umeegemea pedali, huzila thrasti washa kidogo kidogo, na klachi iliyofungwa bila kuachiwa nafasi ya pedali hufanya vivyo hivyo hata kwa dereva mstaarabu. Kwa gari la otomatiki, mtuhumiwa wa kwanza ni konveta (kiunganishi cha oili kati ya injini na giaboksi) ambayo haikuingia hadi mwisho wakati giaboksi ilipofungwa.

Kipimo ni rahisi. Injini ikiwa imezimwa, weka ncha ya dail geji (saa ya kupimia msogeo mdogo) kwenye uso wa puli, isukume krenki nyuma kwa wenzo, kisha mbele, usome tofauti. Kwa 4A-FE nafasi inayokubalika ni milimita 0.02 hadi 0.22, na kikomo ni 0.30. Mchezo unaoonekana waziwazi kwa macho kwa kawaida umeshavuka kikomo hicho, na mara nyingi huambatana na sili ya nyuma ya krenki inayovuja oili.

Ikiwa imevuka, injini haihitaji kutoka garini mara moja. Mwaga oili, shusha sampu (bakuli la oili chini ya injini) na chujio la kunyonyea oili, kisha fungua kepu (kifuniko) ya mein beringi ya tatu pekee. Vipande vilivyo upande wa bloku husukumwa kwa kijiti chembamba cha mbao vizunguke na kutokea upande wa pili. Hapo chukua tochi na upitishe ukucha kwenye ubavu wa krenki ambao washa husuguana nao: ukiwa laini, weka washa mpya, ukikwaruza ukucha au ukiwa umebadilika rangi kuwa bluu kwa joto, krenki itoke iende kuchongwa na ifungwe washa za saizi iliyozidishwa, yaani nene zaidi, kwa maana washa mpya juu ya ubavu mbovu haitadumu.

Mifereji ya oili lazima itazame krenki, si bloku wala kepu. Nimeona injini iliyofungwa kinyume, na sehemu laini ya washa ilikuwa imesagika yote. Kabla ya kukaza kepu, gonga krenki mbele na nyuma kwa nyundo ya plastiki ili vipande vilingane, ndipo ukaze kwa awamu hadi Nm 60 na kupima tena.

Fundi wako atakuwa sahihi katika hali moja, nayo ni pale washa iliponyofoka na krenki ikala bloku yenyewe. Kama bloku ni nzima, basi kabla ya kuwasha gari kagua rilisi beringi na presha pleti, na uhakikishe pedali ina mchezo kidogo kabla haijaanza kusukuma.