Weupe Kwenye Picha ya Kifua: Ni Maji au Uvimbe?

SWALI: Daktari, baba yangu mwenye umri wa miaka 62 amekohoa kwa wiki 5 na kifua kinambana upande wa kulia. Alipigwa eksirei, tukaambiwa sehemu ya chini ya pafu la kulia ina weupe. Sasa ameandikiwa altrasaundi, na huenda akahitaji siti skani. Je, picha ya kwanza haikusomwa vizuri? Na mionzi yote hiyo haitamdhuru? – Msomaji, Morogoro.

JIBU: Poleni sana kwa kuuguliwa na mzee. Picha ya kwanza imefanya kazi yake. Mionzi ya eksirei, iliyogunduliwa na Wilhelm Röntgen nchini Ujerumani mwaka 1895, hupita kwa urahisi penye hewa na kuzuiwa na mfupa, ndiyo maana pafu huonekana jeusi na mbavu nyeupe. Maji, usaha, nimonia na uvimbe huizuia kwa kiasi kinachokaribiana, kwa hiyo weupe ule unaonyesha mahali penye tatizo bila kutaja jina la ugonjwa.

Mkiishika picha hiyo kwenye mwanga, tazameni pembe ambapo kiwambo, yaani msuli unaotenganisha kifua na tumbo, hukutana na mbavu. Kwa mtu mwenye afya njema huwa imechongoka kama ncha ya mkuki. Maji yakijikusanya, huwa butu. Hata hivyo, mgonjwa akiwa amesimama, huhitajika takriban mililita 200 za maji ndipo pembe hiyo ibadilike, ilhali altrasaundi huona hata maji machache kuliko hayo. Tumezoea kusema “maji kwenye mapafu,” lakini mara nyingi maji ya namna hii hukaa nje ya pafu, kati ya tando zake mbili, na altrasaundi humwonyesha daktari mahali salama pa kupitisha sindano ili yatolewe na kupimwa kama yana vimelea vya kifua kikuu au seli za saratani.

Altrasaundi hutumia mawimbi ya sauti, haina mionzi kabisa. Siti skani inayo, makumi ya mara kuliko eksirei moja ya kifua, lakini kwa mzee mwenye dalili hizi naihofia zaidi saratani iliyojificha kuliko mionzi hiyo.

Kikohozi cha wiki 5 ni kirefu mno. Kama makohozi yake hayajapimwa kifua kikuu, ombeni yapimwe sasa, msisubiri siti skani, na nendeni na ile picha ya kwanza ili daktari ailinganishe na zitakazofuata.