Kura ya posta Lamu: tatizo si bahari

Mhariri, wiki hii mmeuliza kama wawakilishi wadi na magavana wachaguliwe kwa posta, jinsi Waingereza wanavyochagua madiwani wao. Kwa Lamu nasema hapana. Na msiisingizie bahari: uchaguzi mkuu huangukia Agosti, upepo wa kusi ukivuma, na bado masanduku ya kura hufika Kizingitini na Kiunga.

Mkenya anayeishi Uingereza kihalali huruhusiwa kujiandikisha na kumchagua diwani wa huko, kwa kuwa ni raia wa Jumuiya ya Madola. Anayetaka kura ya posta hupeleka ombi lenye tarehe ya kuzaliwa na sahihi, kabla ya saa kumi na moja jioni, siku 11 za kazi kabla ya uchaguzi. Hutumiwa karatasi ya kura, fomu ya uthibitisho na bahasha mbili, A na B. Kura iliyotiwa alama huingia A na kufungwa. Fomu hujazwa tarehe ya kuzaliwa na sahihi, kisha fomu na A huingia pamoja ndani ya B, isiyohitaji stempu. B iwe imewafikia wasimamizi kabla ya saa nne usiku siku ya kura. Iliyofika kesho yake haihesabiwi, hata kama ilitiwa posta mapema.

Kura huharibika kwa mambo madogo. Mtu huandika tarehe ya leo badala ya ile ya kuzaliwa, mume na mke hubadilishana fomu, au sahihi ya uzeeni haifanani tena na iliyo kwenye kumbukumbu.

Sasa ulete utaratibu huo huku. Barua zetu haziji mlangoni, huja kwenye sanduku la posta, na sanduku la Lamu 80500 mara nyingi ni la shule, la msikiti au la mwajiri. Bahasha ya mzee wa Basuba atakabidhiwa nani? Tena kituoni hatutambuliwi kwa sahihi, tunatambuliwa kwa kidole kwenye KIEMS, kifaa cha kielektroniki cha tume ya uchaguzi. Mvuvi aliyechakaa vidole kwa mishipi kifaa kikimkataa, karani humtafuta kwa namba ya kitambulisho na kujaza fomu 32A mbele ya mawakala wa wagombea. Kwenye bahasha wakala gani atakuwapo?

Halafu kuna kazi ya kupakia bahasha hizo. Kila mpiga kura ana karatasi sita. Za rais, gavana, seneta na mwakilishi wa kike ni zilezile kaunti nzima, ila ya mbunge ina aina mbili na ya mwakilishi wadi aina 10. Karatasi ya wadi ya Hindi ikitiwa kwenye pakiti ya wadi ya Hongwe, kosa litajulikana mtu akiwa kwake, siku zimekwisha.

Lakini linalonitia wasiwasi zaidi ni nyumbani. Kituoni mke, kijana na bibi kizee kila mmoja huingia peke yake kwenye kibanda. Karatasi zikiletwa sebuleni, mwenye nyumba atataka kuziona zote, na mgombea mwenye pesa atakuja kuzikusanya kabla hazijafungwa. Hao wawili ni tatizo kubwa kuliko posta yenyewe.

Wanaostahili kusaidiwa ni wauguzi wa zamu, askari na mabaharia. Ningewapa siku mbili tatu za kupiga kura mapema kwenye ofisi ya eneo bunge lao, kwa kidole, kwa kibanda, mawakala wakiwepo. Uchaguzi mkuu uliopita wa 2022 haukuwa na nafasi hiyo. Hata Wakenya wa ng'ambo, waliopiga kura katika nchi 12 mwaka 2022, walimchagua rais tu.

Kwa sasa aliyehamia Mombasa au Malindi ahamishe kituo katika ofisi ya tume ya uchaguzi, IEBC, ya anakoishi, angalau siku 90 kabla ya uchaguzi. Ajue kwamba akihama hamchagui tena mwakilishi wa wadi yake ya Lamu, tuseme Faza. Na siku ya kura aje na hati ileile aliyojiandikishia: aliyetumia pasipoti asije na kitambulisho.

Msomaji, Lamu