Mkuu, usiimeze hiyo dawa ya kufunga tumbo

Mkuu, nimesoma mpaka pale ulipoandika kwamba una kolaitisi (uvimbe na vidonda vya utumbo mpana), choo kina damu tangu juzi, na muuza dawa amekwambia umeze loperamaidi mbili, hiyo dawa ya kufunga tumbo, kabla ya kupanda basi la Mwanza. Usimeze! Mambo ya siti na chakula uliyouliza yatasubiri.

Maneno hayo hayo niliambiwa mimi, na mtu aliyevaa koti jeupe, tena baada ya kumwonyesha majibu ya kipimo cha kamera yanayosema nina vidonda vya utumbo mpana. "Hii inafunga tu, haina shida." Hakuuliza kama kuna damu. Hakuuliza homa. Meza mbili asubuhi, kisha moja kila tumbo likikoroga. Nikafuata alivyoelekeza, nikapanda basi, na kweli mpaka Dodoma tumbo lilikuwa kimya. Abiria wanashuka kuchimba dawa, mimi nimetulia kwenye siti.

Kimya kile ndicho kilichotaka kuniua. Tunapita Manyoni tumbo limejaa kama ngoma, mkanda nimeshafungua, hewa haitoki juu wala chini. Ukiligusa popote linauma. Homa ikapanda, moyo unakwenda mbio, shati limelowa jasho na dirisha liko wazi. Konda, Mungu ambariki, alinishusha Singida akanitafutia bajaji. Hospitalini wakapiga eksirei: utumbo mpana umetanuka kupita sentimita 6. Kula marufuku, dripu, sindano za steroidi za kutuliza uvimbe, na antibayotiki, na daktari wa upasuaji anapita kila mara kunibonyeza tumbo aone kama anipeleke chumba cha upasuaji. Tuliponea hapo. Mke wangu alikuja kutoka Dar na hela ya ada ya mtoto, ikaishia yote kwenye bili.

Daktari alinieleza hivi. Utumbo ukiwa na uvimbe mkali, misuli ya ukuta wake inalegea. Loperamaidi nayo kazi yake ni kupunguza mwendo wa misuli hiyo hiyo. Hewa na uchafu vinabaki ndani, utumbo unatanuka, ukizidi unatoboka. Na onyo lipo kwenye karatasi iliyokunjwa ndani ya boksi: isitumike kolaitisi inapokuwa kali, wala mtu akiwa na kuhara damu na homa kali. Yule bwana anashika boksi hilo kila siku ya Mungu, kufungua karatasi kumemshinda! Maisha ya watu anayauza kwa bei ya vidonge viwili.

Kwa hiyo shika hili tu: choo kikiwa na damu, hakuna kufunga tumbo na hakuna safari mpaka daktari akuone. Atakuja mtu hapa chini kusema yeye humeza kila safari na yuko freshi. Muulize kwanza anaumwa nini. Wenye IBS, yaani tumbo la kusumbua tu, ambao utumbo wao hauna vidonda wala uvimbe, daktari anaweza kuwaruhusu. Wewe haupo kundi hilo. Na wanaotaka kucheka habari za choo wacheke, nao tumbo wanalo.

Ukiruhusiwa kusafiri, panda treni ya SGR mpaka Dodoma. Tangu 2024 inafika huko, ndani ina vyoo, humwombi mtu asimamishe gari. Lala Dodoma, kesho yake ndio uunganishe basi. Dawa zako za kila siku weka kwenye begi la mkononi, sio kwenye buti, na kama upo kwenye prednisoloni (steroidi ya vidonge) usiikatishe ghafla. Beba na ORS. Siti chukua ya upande wa njia ya katikati.

Sasa nijibu hapa hapa: damu ya leo imepungua au imeongezeka, na umepima joto la mwili?