Wale watu wa msibani: barua kwa mwanangu

Mwanangu,

Hujambo mama? Huku hatujambo, Mungu anatusaidia. Meseji yako niliiona usiku nikashindwa kuijibu kwa simu maana jambo lenyewe haliwezi kuisha kwa vidole, ndo maana leo nimekaa na karatasi, mdogo wako ataniandikia kwenye simu akutumie. Umeniuliza wale watu wote waliojaa msibani kwa baba yako walitoka wapi, mbona nusu yao hujawahi hata kuwaona. Afu chini ukaongeza kwamba baba alikuwa mtu wa watu, hivi na sisi watoto tulikuwa naye kweli au tulikuwa tunagawana na kila mtu. Hilo la chini ndo limenikosesha usingizi.

Kwanza ujue baba yako alitoka kijijini Rungwe akiwa kijana mdogo sana, miaka ya mwanzo ya 70, akafuata kibarua cha reli. TAZARA ilianza kujengwa 1970 na vijana wa huku walikuwa wanakimbilia makambi kama sa hivi wanavyokimbilia bodaboda. Yeye akaangukia ile sehemu ya kati ya Mlimba na Makambako, milimani, unakumbuka treni inavyoingia kwenye handaki ikatoka ikakanyaga daraja ikaingia tena handakini, basi pale ndo kazi ilikuwa ngumu kuliko njia nzima. Kambi moja ina Mnyakyusa, ina Mbena, Mhehe, Mpogoro, na Wachina. Ukitaka kula vizuri ujue kusalimia watu, alikuwa anasema hivyo. Kile Kichina chake cha kuungaunga mlichokuwa mnakicheka alikipata pale, na fundi mmoja wa Kichina ndiye aliyemfundisha kushika pima maji na kusoma vipimo, kijana aliyeishia darasa la saba!

Hili sidhani kama unalijua. Kila akifika Dar akapata nafasi alikuwa anapanda daladala anaenda Gongo la Mboto, kule Majohe kwenye makaburi ya Wachina waliofariki wakati wa ujenzi wa reli. Anasimama, anasali, anarudi. Fundi wake hakuzikwa pale, alirudi kwao mzima, lakini baba yako alikuwa anasema wale ni wenzetu wa kambini na ndugu zao wako mbali, nani atawapitia. Hakuwa anamtangazia mtu. Mimi mwenyewe nilijua kwa sababu viatu vilikuwa vinarudi na vumbi ambalo si la stesheni nikamuuliza.

Reli ilivyokamilika 1975 akabaki kazini, akapanda taratibu mpaka akawa mkaguzi wa tiketi, na hapo ndo Mungu alimweka mahali pake hasa. Kutoka Dar mpaka New Kapiri Mposhi kule Zambia ni kilomita 1,860, na mwenzangu njia nzima ana watu. Akifika Makambako ni "kamwene", akifika kwetu huku "ugonile", akivuka Tunduma anaanza "muli shani", na hasalimii kwa kupita, anasimama anasubiri jibu, mtoto anaendeleaje, mguu umepona, ile kesi ya shamba imefika wapi. Kingine, ile kazi ingeweza kumfanya mtu awe mkali maana kila siku unakutana na wasio na tiketi, lakini yeye alikuwa anamkalisha mtu pembeni anaongea naye taratibu asimwaibishe mbele ya wenzake, na faini analipa. Hapo kwenye faini hakuwa na mchezo.

Sasa wale watu. Yule mama mnene aliyelia mpaka akashikwa na wanawake wawili ni muuza wali wa Mlimba. Treni ilikuwa inafika pale usiku, wanakuja dirishani na koroboi, wali, kuku wa kuchemsha, ndizi mbivu, na yeye alikuwa na mtoto mgongoni mwenye kifafa. Dawa za yule mtoto kule zilikuwa hazipatikani kwa urahisi, baba yako akawa anazichukua Dar na cheti anampelekea, miaka na miaka. Yule mtoto ndo yule kijana mrefu aliyebeba msalaba mbele ya jeneza, uliniuliza huyu nani nikakwambia baadaye. Yule mzee mwenye kofia ya sufi ni fundi viatu wa Makambako, hao walifahamiana kwa ubishi wa mpira tu. Mwaka 1986 Tukuyu Stars walivyochukua ubingwa wa Tanzania, wewe ukiwa tumboni, baba yako alizunguka kota zote za reli hapa Iyunga anaimba Banyambala Banyambala, lile jina la utani la timu, akachinja jogoo wetu wa pekee akala na jirani ambaye ni Yanga wa kufa, na wiki ile ile akashuka Makambako kwenda kumwonyesha gazeti huyo fundi maana alikuwa amemwambia timu ya Tukuyu haitafika popote. Urafiki ukaanzia hapo. Na yule Mzambia ni mfanyakazi mwenzake wa upande wa Kapiri, wamelala nyumba hii na wao wamemlaza kwao, nyie mmevaa nguo za watoto wao zilizowabana na wao wamevaa zenu.

Sitakudanganya kwamba mimi nilikuwa nafurahia kila siku. Mgeni wa saa nane usiku anayewasha jiko ni nani kama si mimi? Na miaka ile ya 83, 84, sabuni ilikuwa ya foleni kwenye duka la kaya, sukari ya kupimiwa, baba yako anarudi na vipande vya sabuni nashukuru Mungu, nageuka hivi ameshakata katikati anampelekea jirani, nageuka tena ameshakata robo. Nilinuna siku mbili. Lakini pia niseme ukweli wake wote, wageni wakija usiku alikuwa anaamka na mimi, anakaa kwenye kigoda kwa ile sare yake anamenya ndizi, anamenya vizuri kuliko mimi, hajui kukaa sebuleni asubiri sahani. Wanaume wenzake walikuwa wanamsema kwa hilo na yeye wala.

Ukauliza na nyie je.

Mwanangu, wewe umesahau kwa sababu ulikuwa mdogo na nusu ya safari ulikuwa umelala. Baba yenu alikuwa na utaratibu wake, kila likizo anaondoka na mtoto mmoja, mmoja tu, zamu kwa zamu. Kaka yako alikuwa anataka aende kila mara akakataliwa. Zamu yako ya kwanza ulikuwa darasa la tatu, nilikushonea gauni la kitenge la njano. Mliondoka hapa mchana, na kila stesheni aliyopata nafasi alikuwa anakunyanyua dirishani anasema huyu ndo yule wangu wa pumu, huyu ndo anayeshika namba darasani, huyu hali maharage. Asubuhi mkipita mbuga ya Selous alikuamsha uone twiga, ukamwambia niache nilale, hiyo stori ameisimulia mpaka amekufa. Yule mama wa Mlimba alivyokukumbatia msibani akakuuliza kifua chako kinaendeleaje wewe ulishtuka, nilikuona, ulidhani amekosea mtu. Hakukosea. Alikuwa anakujua wewe tangu una meno ya utoto, na alikuwa anajua lini umefaulu, lini umeolewa, lini ulipata shida na mimba ya kwanza maana siku ile baba yako alishuka pale akamwomba akuombee.

Kwa hiyo usiseme alikuwa anatugawa. Yule alikuwa anatubeba. Huko alikokuwa anaenda alikuwa anaongea sisi.

Kuna kijitabu chake cha mfukoni, kile cha jalada jeusi, nimekitoa kwenye koti la sare juzi nilipokuwa napanga nguo. Kimejaa shida za watu, miwani ya mtu wa Chimala, barua ya kupeleka Ifakara, hela ya mtu ya mbegu, kila kitu alichomaliza amekipiga mstari. Katikati humo kuna kurasa ambazo amechora nyayo zenu kwa peni ya bluu, alikuwa anawasimamisha juu ya karatasi anazungusha peni mnacheka mnasema inatekenya. Pembeni ya wa kwako ameandika "Kariakoo, vyeusi, visimbane kidole kikubwa." Nimekuwekea, ukija utakichukua wewe, kaka yako amekubali.

Sasa lile jingine unalolalamikia, la mahafali yako ya form four. Hapo una haki mama, hakuwepo na wewe ulimwangalia mlangoni mpaka mwisho, nilikuwa nimekaa na wewe nikaona. Mwenzake alifiwa na mama yake mzazi ghafla, hakuna mtu wa kushika zamu, baba yako akashika. Aliondoka nyumbani usiku bila kula na mimi sikumsemesha. Lakini kumbuka na siku aliyorudi. Alishuka na kreti mbili za soda, akakuambia uvae sare ya shule tena na wewe umenuna kweli kweli, akawaita kota nzima wakakaa kwenye viti na ndoo na mawe, akasimama mlangoni na ile sauti yake ya besi ya kwaya ya Moravian akakuita majina yako matatu kama mkuu wa shule, ukatembea kutoka mwembeni mpaka barazani watu wanapiga makofi, akakushika mkono, akasahau hotuba yote. Yule mtu aliyekuwa hanyamazi akakosa la kusema! Mwenzake yule aliyefiwa alikuwepo pale amekaa kwenye ndoo, na huyo naye alikuwepo msibani, ndiye aliyeshinda makaburini siku nzima na jembe na akakataa kupokewa.

Ugonjwa wake sitauandika sana, uliuona. Presha, halafu kiharusi, mkono wa kulia ukagoma. Lililonishangaza ni kwamba hata maneno yalipokuwa yanamtoka nusunusu bado alikuwa anataka apelekwe barazani asubuhi, na watoto wa shule wakipita ananyanyua mkono wa kushoto, na wale watoto walishamjua wanakuja kumshika ule ule wa kushoto. Siku za mwisho jina alilokuwa analitaja vizuri bila kukwama ni lako na la mdogo wako. La kwangu lilikuwa linamshinda, analigeuza, mimi namwitikia hivyo hivyo.

Umesema watu wakikuuliza baba yako alikuwa nani unakosa cha kuwajibu zaidi ya kwamba alikuwa mfanyakazi wa reli na alipenda watu. Waambie hivyo hivyo, si uongo. Afu waambie alikuwa anamenya ndizi usiku na alikuwa anajua mguu wako unabanwa wapi.

Sasa tupange hili la ibada ya shukrani mwezi ujao. Mama wa Mlimba anakuja na kijana wake, fundi viatu naye kasema lazima, na yule mzee wa Kapiri anakuja na mkewe safari hii kwa hiyo chumba chako nimewapa wao, we utalala na mimi na mtoto katikati. Mchele upo, ndizi zinatoka Tukuyu kwa shangazi yako, nyama kaka yako ameshaongea na mtu. Ila magodoro hayatoshi kabisa. Ukitoka huko Dodoma pitia Makambako kwa huyo fundi viatu, amesema ana mawili ya ziada, yachukue uje nayo na basi.

Mama yako.