Kadi ya RAID au RAID ya Linux yenyewe?

SWALI: Habari za kazi, fundi. Nasimamia seva ya duka la dawa la jumla hapa Ngamiani, Tanga. Inatumia Debian, aina ya Linux, na ndiyo inayobeba hifadhidata ya mauzo na stoo. Nimeshanunua diski mbili mpya za TB 4. Muuzaji mmoja wa Dar es Salaam anataka kuniuzia kadi ya RAID iliyotumika, ya kuunganisha diski kadhaa zifanye kazi kama moja, anasema RAID ya Linux ni ya kujifunzia tu. Nimsikilize?

JIBU: Nzuri, ndugu yangu. Kadi hiyo usiinunue.

Maneno ya muuzaji yalikuwa na uzito zamani, prosesa zilipokuwa dhaifu. RAID 5 na RAID 6 hudai hesabu za pariti (data ya ziada ya kurudishia kilichopotea diski ikifa) kila data inapoandikwa, na kadi ilikuja na chipu yake ya kuzifanya. Prosesa za leo hazielemewi na hesabu hizo. Tena wewe hazikuhusu: kwa diski mbili utatumia RAID 1, kinachoandikwa kwenye hii kinaandikwa na kwenye ile, basi.

La kujiuliza ni hili: siku kadi ikifa utafanyaje? Kadi nyingi huandika mpangilio wa diski kwa mtindo wa mtengenezaji wake. Diski zitakuwa nzima kabisa, lakini huenda usizisome mpaka upate kadi nyingine ya aina ileile au ya ukoo wake. Hapo utasubiri iletwe na basi kutoka Dar, kama ipo, huku wateja wako kaunta. RAID ya Linux, ile inayoendeshwa na programu ya mdadm bila kadi, haina kifungo hicho. Seva ikiungua, chomoa diski, zichomeke kwenye kompyuta nyingine yenye Linux, andika `mdadm --assemble --scan`, data hiyo hapo. Kwangu mimi hilo peke yake linamaliza ubishi.

Kadi nzuri ina sifa yake, sikatai. Ina kashe (kumbukumbu ya muda) yenye betri: hupokea data haraka, na umeme ukikatika betri huishikilia mpaka urudi. Seva yenye diski nane na hifadhidata inayoandikwa mfululizo itaona faida. Ila betri huchakaa, na ya kadi iliyotumika huenda imeshachoka. Kadi nyingi zikigundua hivyo huacha kuandika kupitia kashe, na kasi uliyoilipia inapotea. Ile RAID inayowashwa kwenye BIOS ya ubao mama nayo iache: kazi inafanywa na prosesa yako hiyohiyo, na bado unafungwa na mtengenezaji.

Fedha ya kadi nunua UPS (betri ya kushikilia seva umeme ukikatika) na diski ya nje. UPS iunganishe na seva kwa waya wa USB, uweke programu ya NUT ili seva ijizime yenyewe kabla betri haijaisha. Diski ya nje ni ya nakala za akiba, kwa sababu mtu akifuta jedwali la mauzo, RAID 1 inalifuta kwenye diski zote mbili papo hapo. Nalisisitiza hili kwa sababu ni dawa za watu na hesabu za watu.

Unapotengeneza RAID, hakikisha ina bitmapu ya ndani (`--bitmap=internal`), yaani kumbukumbu ya sehemu zinazoandikwa. Umeme ukikatika ghafla, Linux italinganisha sehemu zilizokuwa zikiandikwa tu. Bila hiyo itapitia TB 4 zote, kazi ya saa saba au zaidi.

Hatari kubwa ni diski moja kufa kimyakimya. Duka linaendelea kuuza, hakuna anayejua, mpaka ya pili nayo ife. Weka anwani yako ya barua pepe kwenye mstari wa MAILADDR ndani ya `/etc/mdadm/mdadm.conf`, uhakikishe seva inaweza kutuma barua. Pia zoea kuangalia `/proc/mdstat`: [UU] maana yake zote mbili zipo, [U_] maana yake moja imetoka.

Sakinisha GRUB, programu inayoanzisha Linux seva inapowaka, kwenye diski zote mbili. Kabla ya kuingiza data ya duka, zima seva, chomoa diski ya kwanza, uwashe. Ikiwaka vizuri, zima, irudishe, uiunge tena kwa `mdadm /dev/md0 --add` pamoja na jina la kipande (partition) cha diski hiyo kilichomo kwenye RAID, usubiri [UU]. Halafu jaribu hivyohivyo kwa diski ya pili.