Trekta la nyasi halishiki kwa ufunguo: hiyo stata usiinunue bado

Mwenzangu wa Bamburi, umesema trekta lako la kukatia nyasi ukizungusha ufunguo linalia "tak" mara moja kisha kimya, na fundi keshakwambia stata, ile mota inayozungusha injini mpaka iwake, imekufa utafute nyingine. Ngoja kwanza. Mimi niliambiwa maneno hayo hayo, nikanunua, na stata ile ya zamani ndiyo iliyorudishwa kwenye injini, imo mpaka leo. Mpya imelala stoo kwenye boksi lake.

Natunza viwanja vya nyumba kadhaa Shanzu, upande wa baharini. Trekta letu ni la mtumba, injini ya silinda moja. Mwaka juzi, masika yalipokatika na majani yako magotini, nikapanda, nikakanyaga breki, nikazungusha ufunguo: tak. Taa za mbele zinawaka vizuri tu. Fundi akaja, akasikiliza, akatamka stata. Tukafunga mpya: tak. Basi betri, akasema. Tukaweka betri mpya, trekta likanguruma, fundi akalipwa akaenda zake. Wiki tatu hazijaisha, tak.

Ubaya ulikuwa kwenye waya wa athi, ule mweusi unaotoka negativu ya betri na kufungwa kwa bolti kwenye chesisi. Kwa juu unaonekana mzima. Nilipoufungua, chini ya kile kipete cha waya kulikuwa na kutu na unga wa kijani. Siku ya betri mpya liliwaka kwa sababu waya zilivutwavutwa zikagusana kidogo, si kwa sababu ya betri. Sisi wa pwani tunakula chumvi hata tusipopika: ule upepo wa bahari unaingia kwenye kila maungio ya shaba na chuma, na trekta linalolala chini ya makuti halina pa kujificha.

Usidanganywe na taa pia. Taa inataka ampea chache tu. Stata inavuta makumi ya ampea, na inapoanza kuzunguka hata hupita mia. Njia iliyoliwa na kutu itapitisha moto wa taa bila wasiwasi, lakini stata ikiomba wake, umeme wote unaishia pale kwenye kutu.

Kwa hivyo azima mita ya volti, zile ndogo za mafundi wa redio zinatosha. Pima betri ikiwa imetulia: volti 12.6 imejaa, 12.2 ni kama nusu, chini ya 12 ichaji kwanza kabla ya kulaumu kitu kingine. Kisha mwambie mtu azungushe ufunguo huku wewe unatazama. Volti zikiporomoka chini ya 9 na ushee, betri ni chovu hata kama ilipotulia ilisoma vizuri. Joto letu linaziua betri haraka, hilo nalo ulijue. Lakini zikibaki 12 na stata haizunguki, betri haina kosa, moto haufiki unakotakiwa.

Sasa hiki ndicho kipimo ambacho fundi wangu hakukifanya. Weka ncha moja ya mita kwenye kichwa cha negativu cha betri, chenyewe hasa, si kwenye klipu ya waya. Ncha ya pili iguse chuma kitupu cha injini, pasipo rangi. Zungusha ufunguo. Athi nzuri itasoma karibu na sifuri, nusu volti ni nyingi tayari. Yangu ilisoma zaidi ya 8! Yaani betri ilikuwa inapigana na kutu.

Dawa yake ni rahisi mno kuliko stata. Fungua, anza na negativu. Piga msasa kipete na chesisi mpaka chuma king'ae, kaza kwa spana, kisha paka grisi juu. Vichwa vya betri vikiwa na ule ukoga mweupe, mwagia maji yenye magadi ya jikoni, yatatoa povu na kuula; suuza, kausha. Angalia tu yasiingie ndani ya betri.

Kama athi ni safi na bado unasikia tak, njoo kwenye solenoidi, kile kidude chenye waya nene mbili kinachopitisha umeme wa betri kwenda kwenye stata. Hiyo tak ni yake. Kuna wanaounganisha zile bolti mbili kubwa kwa bisibisi ili kuona kama stata itazunguka. Inafanya kazi, lakini cheche zake si mchezo: gia iwe huru, hendibreki juu, visu vimezimwa, na pasiwe na petroli iliyomwagika. Nimewahi kuona mtu amekimbizwa na trekta lake mwenyewe. Stata ikizunguka hivyo, haina ubaya, badilisha solenoidi. Isipozunguka, na betri na waya umeshazihakikisha, hapo fundi wako atakuwa amesema kweli.

Likiwa kimya kabisa, hata tak hakuna, hadithi ni nyingine. Tazama fyuzi. Tazama swichi za usalama: ya breki na ya visu, hizo zikikatika ufunguo hautafanya lolote. Ya kiti watu huilaumu sana, lakini kwenye mashine nyingi kazi yake ni kuzima injini ukishuka, haizuii stata. Unaweza kuikwepa swichi kwa muda ili upime, ila irudishe; visu vile havijui mguu wa nani. Solenoidi yenye miguu mitatu nayo hupata athi kupitia bolti zake, kwa hiyo kutu pale nyuma inainyamazisha kabisa. Huko kwetu hilo nimelikuta mara mbili.

Na kama stata inazunguka nusu, inagonga, inasimama, kisha inarudia, huenda si umeme hata kidogo. Injini za silinda moja huwa na kifaa cha kupunguza mgandamizo wa hewa ndani ya silinda wakati wa kuwasha, na vali zikilegea hakifanyi kazi, stata inashindwa kuupanda ule mlima. Hapo ni kurekebisha nafasi ya vali. Nusa na oili vilevile: ikinuka petroli, kabureta inavujia ndani, usizidi kulazimisha.

Ukitaka kulisaidia kwa waya za jampa, tumia gari la volti 12 lililozimwa injini, na ile nyeusi ya mwisho ifunge kwenye chuma cha injini ya trekta. Likiwaka kwa njia hiyo huku waya wako wa athi umeshikwa na kutu, umeshapata jibu lako, maana umeupita.

Wewe fanya kile kipimo cha athi leo jioni, jua likipoa. Uniletee namba mbili: ya betri wakati wa kuzungusha ufunguo, na ya negativu hadi injini. Mwambie fundi asubiri.