Muulize Shangazi: "Ile hela" ni hela gani?

Shikamoo Shangazi. Mimi ni katibu wa kikoba cha wanawake 24 hapa Kihonda, Morogoro. Mwezi uliopita mwenzetu alipata meseji: "Ile hela tuma kwenye namba hii, simu yangu ina shida." Akadhani ni mweka hazina, akatuma sh. 150,000 za marejesho. Kila kikao nawaonya, na tangazo nimebandika. Wanaitikia "sawa katibu", kisha nasikia mwingine kapigwa. Nifanyeje?
Katibu, Kihonda

Marahaba mwanangu. Miaka tisa nilikaa kwenye kibanda cha wakala Mbagala, tangazo la kujihadhari na matapeli likiwa juu ya kichwa changu, na watu waliwatumia matapeli hela huku wanalitazama. Kwa hiyo tangazo lako liache hapo ukutani, lina kazi ya kuziba ufa.

Isome tena hiyo meseji. Haina jina wala kiasi, na hela yenyewe ni ya nini haisemi. Kazi yote inafanywa na neno moja, "ile". Mtu akikwambia "ile hela", tayari mmeshazungumza, mnajuana. Hadithi anaimalizia msomaji mwenyewe. Tapeli kawatumia watu chungu nzima asiowajua, na hakosi mmoja ambaye asubuhi hiyo alikuwa anatafuta pa kutumia kodi au ada.

Kikao kijacho wasomee meseji hiyo, kila mmoja aseme: ingenifikia leo, ningedhani ni hela gani? Huyu atasema mchango wa send-off, yule hela ya fundi bati. Kisha wakae wawili wawili, mmoja awe tapeli na amtungie mwenzake uongo wa kumtoa elfu hamsini.

Utashangaa wanavyojuana! Kwetu mama mmoja mpole, hata kwenye kwaya humsikii, alijifanya mwalimu wa zamu: mtoto kaanguka, yuko hospitali, wanataka hela ya vipimo sasa hivi. Mwenzake akapeleka mkono kwenye pochi, na alijua ni mchezo.

Hapo ndipo umuulize mtunzi: ungeulizwa nini uongo wako ukwame? Yule mama alijibu haraka, "Angeniuliza mtoto yuko darasa gani, nimekwisha." Mimi kibandani niliwahi kumuuliza mzee aliyekuja kutuma kodi, "Baba, mwenye nyumba wako hukuitaje?" Akasema humwita Kocha. Meseji ilikuwa imeandikwa "mpendwa mpangaji". Akairudisha hela mfukoni.

Maswali ya namna hiyo, waliyoyatoa wenyewe, yaandike kwenye daftari la kikoba. Namba ya mweka hazina nayo iandikwe humo, na akiibadilisha atangaze kikaoni, uso kwa uso. Meseji ya kitapeli ikija, ipelekeni 15040, namba iliyowekwa kwa ajili hiyo.

Mwenzenu aliyepigwa usimsimamishe awe mfano. Akitaka, mpe yeye nafasi ya tapeli. Hakuna anayeujua mchezo huo kama yeye. Na zile 150,000 mkubaliane azirejeshe kidogo kidogo. Mkimbana azilipe zote mwezi huu, atakayepigwa baada yake hatawaambia.